Kengele ya Nyumba ya Ukimya

Asubuhi ile ukumbini tulikuwa sisi hawa: Padri Emile, aliyeongoza wiki ile ya mafungo, Hadji Musa, muuza vitambaa wa Beni, daktari wa Kihindi kutoka kikosi cha kulinda amani, ambaye sote tulimwita Daktari tu, Sokulu Mathe, mzee wa Alimbongo, aliyekuwa mshauri wa chifu enzi zake, Mama Kahindo wa jikoni, aliyekuja kuchungulia mlangoni, mimi Masika, mwenye kengele, na mwanamke mmoja ambaye hakuna kati yetu aliyekuwa amesikia sauti yake. Baadaye kidogo aliingia Kambale, kofia ya pikipiki mkononi. Nawataja wote kwa sababu baadhi yao wamekufa, wengine wamerudi kwao, na ninyi mnaoshika kazi sasa mnasimulia asubuhi ile kana kwamba Padri alikuwa peke yake.

Mmeniomba niwaandikie kuhusu kazi. Nitaandika polepole. Nimerudisha funguo juzi tu, na uchovu nilioondoka nao si wa juzi.

Nilifika Nyumba ya Ukimya nikiwa msichana. Baba alikufa kwanza, mama akamfuata kabla hatujaweka kando nguo za msiba wa baba. Nyuma yangu kulikuwa na wadogo watatu. Mnajua kilio kwetu kinavyokwenda: majirani wanakuja na mikeka yao, wanakaa na wafiwa, hawaulizi kitu, hawana haraka ya kuondoka. Katika kilio cha mama watu walikaa hivyo, na mimi nilipika. Wageni lazima wale, na mwenye nyumba sasa nilikuwa mimi. Nilipomaliza kuosha masufuria, mikeka ilikuwa imerudishwa kwa wenyewe. Shule sikurudi tena.

Aliyenipokea Nyumba alikuwa Baba Kasereka, mtunza kengele wa kwanza, mtu mwembamba mwenye viatu vya mpira wa gurudumu. Nilimkuta kwenye baraza. Ukungu wa Butembo ulikuwa bado umeshikilia mikaratusi, na chini huko mji ulikuwa ukipiga kelele zake za sokoni. Nilimwuliza fagio liko wapi.

"Ikala kwanza," alisema, akanionyesha benchi.

"Nimekuya kufanya kazi, Baba."

"Fagio haikimbiake. Ikala."

Nilikaa. Mikono yangu haikujua iende wapi; niliiweka mapajani, ikaanza kukunja kitenge na kukikunjua. Baba Kasereka alikaa upande wa pili wa benchi, akatazama bonde. Hakuniuliza wazazi walikufa kwa nini, wala wadogo wamelala wapi. Jua lilipofika kwenye ngazi aliinuka, akanipa fagio. Nilianza kufagia huku machozi yananitoka, na yeye akajifanya anatafuta kitu kwenye bomba la mvua.

Kazi aliyonifundisha mnaijua, lakini nairudia kwa wale waliokuja juzi. Bawaba za milango zipakwe mawese kabla ya wageni kufika, si baada ya wao kulalamika. Sahani iwekwe mezani kwa ukingo kwanza, halafu ishushwe. Babula, jiko la makaa, iwashwe nje, maana kikohozi cha mmoja kinaamsha ukumbi mzima. Kengele usiivute kama unamvuta mbuzi. Shusha kamba, halafu iachilie ijirudie yenyewe. Na kila mgeni afungwe kitambaa cheupe cha pamba kwenye mkono wake. Mwenye kitambaa hasemeshwi na haulizwi, awe askofu au muuza makaa. Ukimya wake unaanza kwa kengele na unakwisha kwa kengele. Kabla kengele haijalia, hakuna anayeondolewa humu ndani, hata akija ndugu yake, hata akija mkubwa wake wa kazi.

Wageni wanafanana kuliko wanavyodhani. Siku ya kwanza wanalalamikia godoro. Siku ya pili wanalala kama waliopigwa. Kisha wanaanza kulia, na hapo ndipo mnatakiwa muwe na shughuli mahali pengine. Mwalimu mmoja aliyeletwa na serikali kutoka mkoa wa mbali aliruka ukuta, akaenda kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, akarudi kwa kuruka ukuta uleule na kitambaa chake bado mkononi. Baba Kasereka alimwekea uji na hakusema neno, kwa sababu kitambaa ni kitambaa. Kuna askari pia aliyekuwa akitetemeka kila alipoketi, mpaka tulipogundua kwamba mgongo wake ulikuwa umeelekea mlango. Tangu siku hiyo tumekuwa na benchi lile la ukutani, linalotazama mlango. Msiliondoe. Najua linaharibu mpangilio wa viti.

Padri Emile alikuja Baba Kasereka alipokuwa akizeeka. Yeye ndiye aliyeanza yale mazungumzo ya jioni kuhusu watu wa dunia na namna walivyojifunza kunyamaza. Mimi niliyasikia nikipanga vikombe nyuma ya ukumbi, mwaka baada ya mwaka, mpaka nikayajua kama sala ya asubuhi. Alisimulia wakaapweke wa jangwa la Misri, waliosuka vikapu huku wakirudia mstari mmoja wa zaburi tangu alfajiri. Alisimulia mwana wa mfalme wa India aliyeacha nyumba yake na kuketi chini ya mti mpaka aelewe mateso yanatoka wapi. Alisimulia Wachina waliokaa ili wajisahau, watawa wa mlima wa Wagiriki walioinamisha kidevu kifuani na kufunga jina la Yesu kwenye pumzi, na Waislamu wanaolitaja jina la Mungu kwa mduara mpaka moyo uendelee wenyewe ulimi ukichoka.

Katika habari zote hizo mimi nilikuwa nasubiri kusikia nani alipika. Siku moja nilimwuliza. Padri alicheka, akasema swali hilo hakufundishwa seminarini. Siku kadhaa baadaye alikuja jikoni na kitabu chini ya kwapa, akatuambia kwamba yule mwana wa mfalme alikuwa amebaki mifupa kwa kufunga, na angekufa hapo chini ya mti kama si msichana mmoja wa kijijini kumletea wali wa maziwa.

"Na jina yake?" Mama Kahindo aliuliza.

Padri alitafuta, akalitaja. Mama Kahindo aliridhika, akarudi kwenye maharagwe yake. Tangu hapo, wageni wakichelewa kula, aliwaita wana wa mfalme.

Mama Kahindo hakuwahi kuielewa kazi ya nyumba hii, na aliitumikia vizuri kuliko wengi. "Banatoka mbali mingi kuya kunyamaza," alikuwa akisema. "Si bwana yangu ananyamaza bure kule kwetu."

Baba Kasereka alikufa akiwa usingizini. Nilikaa kwenye kilio chake muda mfupi tu, kisha nikaenda kupiga kengele ya saa sita, kwa sababu kulikuwa na wageni na hakukuwa na mwingine. Wadogo zangu walikua, wakaoa, wakaolewa, wakaenda. Miaka ikawa mibaya. Watu walianza kushuka kutoka upande wa Beni na Oicha na magodoro kichwani, na jiji likajaa jamaa wa jamaa. Waliokuja mafungo sasa walikuwa na macho ya watu wasiolala. Mimi pia nilichoka. Nilifungua milango, nikafunga milango, nikapaka mawese.

Ni katika miaka hiyo Padri aliita ile wiki ya pamoja. Alisema kila mtu sasa anasali na kundi lake huku akiwaogopa wengine, na ukimya hauna kundi. Hadji Musa alikuja kwa sababu Padri alikuwa rafiki yake tangu zamani. Daktari alikuja kwa sababu alikuwa akipita kwenye baraza letu siku zake za mapumziko, anakunja miguu na kufuata pumzi ikiingia na kutoka puani, namna bibi yake alivyomfundisha kwao. Sokulu Mathe alikuja kwa sababu Padri alimfuata mpaka Alimbongo, na mzee akaona aibu kukataa.

Jioni ya kwanza, kabla ya kengele, waliruhusiwa kuongea. Hadji alimwona Padri na rozari yake, akatoa tasbihi yake mfukoni, akaziweka pamoja mezani.

"Padri, hii kitu mulikopa kwetu," alisema.

"Inawezekana," Padri alijibu. "Na ninyi mulikopa kwa Bahindi."

Wote walimtazama Daktari, aliyekuwa akitafuta maneno katika Kiswahili chake cha kambini. "Sisi pia tulikopa," alisema hatimaye. "Lakini tumesahau kwa nani."

Hadji alicheka mpaka akakohoa. Wakamgeukia Sokulu Mathe, wakamwuliza watu wake walikopa nini.

"Sisi hapana kopa," mzee alisema. "Tulikuwa na moto."

Akawaeleza kuhusu kyaghanda, nyumba ya wanaume kule kwao zamani, ambamo wazee walikaa kuzunguka moto wakati kuna shauri gumu, bila mtu kufungua mdomo, mpaka kuni zife. Aliyesema kabla ya kuni kufa alionekana hajakomaa. Padri alitaka kuandika hayo. Sokulu alimwambia aache kalamu, akae.

Nikapiga kengele.

Kesho yake mvua ilinyesha vibaya. Katikati ya mvua, mwanamke aliingia kwenye lango, akapita baraza, akaenda moja kwa moja kwenye benchi la ukutani linalotazama mlango. Alikuwa amelowa. Kwenye mkono wake kulikuwa na kitambaa cheupe.

Hapa ndipo nyumba yetu ilipokosea, na sidhani nyumba nyingine yoyote ingeweza kukosea hivyo. Mama Kahindo alidhani mimi ndiye niliyemfunga kitambaa. Mimi nilidhani ni Padri. Padri alidhani ametumwa na parokia moja iliyokuwa imeomba nafasi. Wageni walidhani sisi tunajua. Na kwa kuwa mwenye kitambaa haulizwi, hakuna aliyeuliza. Nilimpa shuka kavu na chumba cha mwisho cha upande wa mikaratusi. Sahani yake niliiweka kwa ukingo, nikaishusha. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili alilala, nikasema moyoni, anakwenda kama wengine. Kisha akaanza kula kidogo. Niliona kwamba kila kengele ilipolia mabega yake yalishtuka, kwa hiyo nikawa naipiga kwa upole zaidi, kamba ikiteleza polepole kiganjani.

Niliona pia kwamba kitambaa chake hakikuwa pamba yetu. Kilikuwa bandeji. Lakini nilikuwa nimewahi kuona wageni wakibadilisha kitambaa kilicholowa, na sikusema kitu.

Hivyo tukafika asubuhi ya mwisho, ile niliyoanza nayo. Ratiba ilikuwa hivi: kukaa pamoja, kengele, kisha chai na maneno ya kuagana. Walimu wa shule moja ya Bulengera walitakiwa kufika kabla ya mchana kwa mafungo yao, na vyumba vyote vilihitajika. Nilikuwa nimesimama kwenye korido, mkono kwenye kamba, mlango wa ukumbi wazi mbele yangu. Ndipo Mama Kahindo aliponipita na mwanamume mwenye matope mpaka magotini, akamwingiza ukumbini, yeye akabaki mlangoni.

Mwanamume aliangaza macho, akamwona mwanamke kwenye benchi, akashusha pumzi.

"Kumbe iko hapa," alisema. "Tumemutafuta wiki yote. Munisamehe, Padri. Mimi Kambale. Huyu ni bibi ya mukubwa wangu."

Alieleza yaliyobaki akiwa amesimama, bila kupandisha sauti, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Walikuwa watu wa Mbau, upande wa Beni. Walioshambulia walikuja shambani, wakamuua kaka yake mkubwa, mume wa mwanamke huyu, na wengine wa nyumba ile. Mwanamke alijeruhiwa mkono kwa panga lakini akaishi. Kambale alimfikisha yeye na watoto wake Butembo, kwenye chumba kimoja Bulengera alichopanga. Watu wengi walikuja kumwuliza mwanamke aliona nini: wa usalama, wa misaada, jamaa, majirani. Alijibu mara ya kwanza na ya pili. Kisha akanyamaza, na hakusema tena, hata kuomba maji. Bandeji ile ilikuwa ya kituo cha afya. Ukoo ulikuwa umekaa na kuamua. Kulikuwa na chumba cha maombi ambako angefungiwa bila chakula na kuombewa mpaka pepo bubu limtoke. Pikipiki ilikuwa inangoja nje.

"Hapana mubaya," Kambale alisema. "Tunataka apone. Batoto yake banamuita, hajibu."

Mwanamke alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili.

Padri alifunga macho, akayafungua. Nilimjua Padri, alikuwa mtu mwema na aliogopa kugombana na ukoo wa mtu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba familia ni familia, na Nyumba haina haki ya kumshikilia yeyote. Kisha akanitazama kupitia mlango, akaashiria kengele.

Kabla sijafanya lolote, Sokulu Mathe aliongea kutoka kwenye mkeka wake.

"Kambale, mutoto wangu. Kilio ya mukubwa wako, mulikala siku ngapi?"

Kambale hakuelewa mara moja. "Tungekala wapi, Sokulu? Tulikuwa tunakimbia."

"Na hapa Butembo?"

"Chumba ni kimoja. Na batu bote bale beko na bafu babo ba kulilia."

"Basi haiko pepo," mzee alisema. "Huyu mama anangojea tu batu ba kilio. Na batu habakukuya."

Padri alinitazama tena. Nilikuwa nimeshika kamba ile kwa miaka mingi kuliko miaka niliyokaa na wazazi wangu, na mkono wangu ulijua la kufanya bila mimi. Niliulegeza. Kamba ikarudi ukutani bila sauti.

"Kengele bado, Padri," nilisema.

Alielewa. Yeye mwenyewe alikuwa ameisoma kanuni hiyo kwa wageni kila wiki: kabla ya kengele hakuna anayeondolewa. Aliketi. Hadji Musa aliinuka kwenye kiti chake, akavua viatu, akaenda kukaa sakafuni karibu na benchi, lakini si karibu sana. Daktari akamfuata, akakunja miguu. Sokulu akasogeza mkeka wake. Mama Kahindo alivua aproni na kukaa, yeye ambaye sikuwahi kumwona amekaa mchana. Mimi nilikaa kwenye kizingiti. Kambale alibaki peke yake wima katikati ya ukumbi, akageuza kofia yake ya pikipiki mikononi, kisha naye akashuka chini, kofia mapajani.

Tulikaa. Hadji alikuwa akitembeza punje zake, Padri zake, na midomo ya wote wawili ilikuwa ikisogea bila sauti. Daktari alikuwa kwenye pumzi yake. Sokulu alitazama sakafu mahali ambapo kwao kungekuwa na moto. Niliwaza yale mazungumzo yote ya jioni, jangwa na mlima na mti, na nikaona kwamba huenda yote yalianza hivi: mtu alifiwa, na wengine wakaja wakakaa, hawakujua la kusema. Halafu niliacha kuwaza. Niliona kilio cha mama, na safari hii sikuwa napika.

Aliyelia kwanza alikuwa Kambale. Aliinamia kofia yake, akalia kama watoto wanavyolia, kwa kukatizwa na pumzi. Hakuna aliyemgusa. Nje walimu wa Bulengera walikuwa wamefika na mabegi yao, na manyunyu yakaanza kuwanyeshea langoni. Waliandika malalamiko baadaye. Walikuwa na haki.

Sijui tulikaa kiasi gani. Najua jua lilitoka, likafika kwenye ngazi. Kisha mwanamke aliinua kichwa, akanusa.

"Maharagwe inaungua," alisema.

Mama Kahindo alikurupuka akakimbia, akaacha kiatu kimoja. Kambale alimtazama shemeji yake mdomo wazi. Hadji alianza kucheka kimya kimya, mabega yakitikisika, na Sokulu akafunika uso kwa kiganja. Nikainuka, nikapiga kengele.

Kambale aliondoka na pikipiki bila abiria. Mwanamke, Kavira kwa jina, alibaki nasi majuma machache, akiosha sahani na kuziweka kwa ukingo bila mtu kumfundisha. Watoto wake waliletwa kumwona, na aliwajibu. Siku ya kurudi kwao Bulengera alinikuta jikoni nikichambua mchele.

"Mama Masika, wewe haukuniulizaka kitu," alisema.

"Ni kazi ya nyumba."

"Kule Mbau bwana yangu na bengine bako kwenye udongo, hapana mutu alibakalia kilio. Siku njia itakuwa salama, mimi na wewe tutaenda. Tutabakalia. Hapana kusema kitu, kukala tu."

Nilimwambia tutaenda. Nilisema kwa mdomo wangu, na yeye aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea kitu mkononi.

Daktari alirudishwa kwao. Hadji Musa alihamia kwa watoto wake mbali na Beni. Padri Emile mlimzika ninyi pamoja nami. Sokulu Mathe alipokufa nilipanda mpaka Alimbongo, na Kavira alinikuta huko, akakaa kwenye mkeka wangu tangu mwanzo mpaka mwisho bila neno. Sasa anauza viazi sokoni Bulengera, na Jumamosi hupita kwangu. Kwanza tunawauliza waendesha magari hali ya barabara ya Mbau. Wanasema leo watu wamepita, wanasema jana hawakupita, wanasema ngojeni kwanza. Tunangoja. Magoti yangu yanazidi kuwa mabaya, na pikipiki ya mwendo mrefu siiwezi tena kama zamani.

Mkeka wa safari hiyo niliununua zamani. Nimeukunja, nimeufunga kwa kipande cha kamba ya kengele ile ya zamani, umesimama nyuma ya mlango wangu. Jumamosi iliyopita Kavira aliingia, akaweka viazi chini, akauona. Aliuangalia kwa muda, kisha akaketi kando yangu. Hakuuliza.